Karatasi Alizozificha Fernande

Ukifika Dunmore Falls, mji mdogo wa Marekani, ukamtafuta mtu aliyewahi kushona viatu kwa mkono, ukamwuliza nani alikuwa fundi kuliko wote ghorofa ya pili ya kiwanda cha viatu, atakutajia Fernande Pomerleau bila hata kukuna kichwa. Miaka thelathini na moja mama yule alikaa kwenye benchi moja, upande wa mto. Kalibu ya kiatu ameibana kati ya magoti, msharasi mkononi, sindano mbili na uzi wa nta. Anatoboa, anapitisha, anavuta mikono yote miwili mpaka inyooke, na ngozi inajikunja pale pale inapotakiwa kujikunja. Aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na saba. Shule aliiacha njiani kwa sababu baba yake aliangukiwa na gogo msituni, na nyumbani kulikuwa na wadogo sita wa kulisha. Hakulalamika. Kazi aliipenda.

Sasa lipo jambo moja kuhusu kiwanda kile ambalo lazima lisemwe mapema. Malipo yalikuwa kwa jozi. Kila boksi la viatu lilikuwa na kuponi yake. Ukimaliza boksi unakata kuponi, jioni unaipeleka, na hiyo ndiyo siku yako. Lakini kulikuwa na mtu wa saa. Huyo hakushona chochote. Alikuja na saa yake shingoni, akasimama nyuma ya mgongo wako, akaandika. Akiona watu wanamaliza maboksi mengi, Jumatatu bei ya jozi inashuka kwa ghorofa nzima. Kwa hiyo wafanyakazi walijitungia sheria yao isiyoandikwa popote: shona unavyoweza, lakini usioneshe zote. Kuponi za ziada unazilaza kwenye droo, chini ya kitambaa cha chakula, unazitoa siku ya kuumwa kichwa au siku uliyoamka na mtoto mwenye homa. Aliyezipeleka zote kwa kutaka sifa aliambiwa neno moja tu, "Utatuharibia," na tangu hapo alikula chakula chake cha mchana akiangalia ukuta. Wenye kiwanda waliuita mchezo huo wizi. Wizi wa nini, jamani, mtu anapoficha jasho lake mwenyewe? Fernande aliishika sheria hiyo kuliko alivyoishika Kwaresima.

Mwaka wa mwisho waliletwa wasichana wawili kutoka Jamhuri ya Dominika, wakakaa wiki tatu wakijifunza kwenye benchi lake. Aliwafundisha vizuri, maana kufundisha vibaya hakujui, na Jumamosi aliwaalika nyumbani wakala maharage na mkate mweusi. Miezi sita baadaye kazi yote ya kushona ikahamia kwao. Meneja alisoma tangazo kwa dakika nne, na watu mia na themanini wakakusanya vikombe vyao vya kahawa na mito yao ya kukalia, wakatoka.

"Ametusomea kama mtu anayesoma ratiba ya basi," alisema Alma Cloutier, jirani yake wa benchi, mwanamke mnene mwenye ulimi usio na breki. "Hata kukohoa hakukohoa."

Alma huyo huyo ndiye aliyeleta habari ya sheria ya serikali. Alikuja jikoni kwa Fernande wiki iliyofuata, koti limejaa theluji, akaketi bila kukaribishwa.

"Shoga, ipo sheria," alisema. "Kazi yako ikiuawa na bidhaa za kutoka nje, serikali inakulipia usome kazi nyingine. Na posho ya kila wiki inakupa mpaka umalize. Binamu yangu wa kiwanda cha sufu ameshapita huko, leo anaendesha lori."

"Tunaomba wapi?"

"Washington. Watu watatu wanatosha kuandika. Mimi, wewe, na yule mzee wa kukata ngozi, nimeshamtia maneno."

Rosaire, mume wa Fernande, alikuwa pembeni akinoa meno ya msumeno. Mgongo wake ulikwisha msituni, na sasa alitengeneza misumeno ya watu kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Alicheka mpaka akaweka tupa chini. "Washington? Washington hawajui hata kama tuna daraja. Wakiwajibu, barua hiyo nitaila na chumvi."

Wakaandika hivyo hivyo, kwa kalamu ya wino wa bluu, mstari kwa mstari, Alma akitamka na Fernande akiandika kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Wakasema nani alikuwa akishona nini, na viatu hivyo sasa vinashonwa wapi. Kisha wakasubiri kama watu waliotupa jiwe kisimani.

Basi barua ikaja. Si barua ya kusema tumepokea barua yenu, la. Kumbe huko Washington mtu alikaa mezani akaisoma. Akawapigia simu wenye kiwanda. Akawatafuta wenye maduka yaliyokuwa yakinunua viatu vya Dunmore Falls, akawauliza siku hizi mnanunua wapi. Akapima, akaandika uamuzi: wafanyakazi wote wa kiwanda kile walioachishwa tangu tarehe fulani wana haki ya kusaidiwa. Fernande aliisoma hati ile kwa kidole, neno kwa neno. Alipofika kwenye "wote" alisimama, akaenda kunawa mikono, akarudi kuisoma tena. Miaka thelathini na moja alidhani kwamba zaidi ya mtu wa saa hakuna aliyejua kuwa anashona. Kumbe mtu asiyemjua, kwenye mji asiowahi kuufikia, alichukua siku zake nzima kuthibitisha kwamba kazi yake ilikuwepo na kwamba imekwenda. Akaogopa kuongea.

Alma hakuogopa. Alichukua kikopo cha chumvi akakiweka mbele ya Rosaire. "Karibu chakula, bwana," alisema.

Kwenye ofisi ya kazi walimkuta Bi Dunham, mama mwenye miwani ya mnyororo na rafu nzima ya majalada. Aliwaeleza bila kuzungusha. Ada, vitabu na mafuta ya gari vitalipwa. Posho ya wiki itaendelea hadi miaka miwili, mradi mtu asome siku zote na mwalimu athibitishe kwa saini kwamba anaendelea. "Saini hiyo ndiyo roho ya kila kitu," alisema. "Ikikosekana, sina la kufanya. Nitaipenda sura yako lakini nitafunga jalada." Alma akachagua kuuguza wazee. Fernande alipitisha kidole kwenye orodha mpaka kwenye fundi wa maabara ya hospitali, akauliza kazi hiyo inataka nini.

"Hesabu kiasi, biolojia, na mkono uliotulia," alijibu Bi Dunham.

"Mkono ninao," alisema Fernande. "Hayo mengine nitayatafuta."

Alikuwa na miaka arobaini na minane. Chuo kilikuwa mji wa pili, mwendo wa dakika arobaini, na kwa kuwa lori lilikuwa moja, Rosaire alimpeleka asubuhi na kumfuata mchana, akinung'unika njia nzima. Siku ya kwanza Fernande aliingia maktaba. Alipotaka kutoka akasimama mlangoni, akafungua mkoba wake wazi, akangoja. Yule dada wa maktaba akamwangalia, naye akamwangalia. Mwishowe dada akauliza, "Nikusaidie, mama?"

"Nangoja unipekue."

"Kwa nini nikupekue?"

Fernande akafunga mkoba wake. Kiwandani walipekuliwa kila jioni, mtu asije akatoka na kipande cha ngozi. Hapa alikuwa amebeba vitabu vitatu vizito vya watu, na hakuna aliyemshuku. Alivibeba mpaka kwenye lori kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani.

Halafu siku ya kitunguu. Mwalimu wa biolojia alikuwa Bwana Whitcomb, mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache na koti lile lile. Aliwaambia wabandue ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, waitandaze kwenye kioo, watazame kwa hadubini. Fernande alitazama. Akaona vyumba. Vyumba vimepangwa mstari kwa mstari, kuta zimegusana, kila kimoja na kokwa yake ndani, na hakuna mshono popote. Alikuwa amekata vitunguu tangu ana miaka saba, kwa ajili ya supu, kwa ajili ya pai ya Noeli, kwa ajili ya mazishi, na hakuna mtu, si mama yake wala padri, aliyewahi kumwambia. Jumamosi ile Rosaire alimkuta amesimama jikoni, kitunguu mkononi, sufuria inaungua.

"We mwanamke, umeona mzimu?"

"Nimeona kitunguu," alisema Fernande.

Rosaire alimwangalia, akapunguza moto mwenyewe, akaondoka. Usiku alimwambia Alma kwenye simu kwamba shule inamharibu mke wake.

Mwalimu Whitcomb aliwagawia karatasi kumi na mbili za kazi za muhula mzima, moja kwa kila wiki: maswali, na michoro ya kuchora kutoka kwenye kitabu. "Leteni mnapomaliza," alisema. Fernande aliipeleka ya kwanza kesho yake. Aliporudi kwenye kiti chake, msichana wa nyuma aitwaye Kendra, mtoto wa miaka kumi na tisa mwenye kucha za rangi ya zambarau, aliinama akamnong'oneza huku anacheka.

"Mama, utatuharibia. Sasa atataka na sisi tulete haraka."

Msichana alikuwa anatania tu, masikini. Lakini neno lile lilimwingia Fernande mpaka kwenye mifupa. Aliangalia darasani: hakuna mwingine aliyekuwa amepeleka hata moja. Akaona haya usoni, haya ya kweli, ya mtu aliyekamatwa akijipendekeza kwa msimamizi. Kuanzia siku hiyo akafanya alivyojua. Kazi hakuacha. Aliandika mezani jikoni, aliandika kwenye lori, alichora moyo na figo na mifereji ya sikio kwa mkono ule uliozoea kupita mstari usioonekana. Kufikia wiki ya tano alikuwa amemaliza karatasi zote kumi na mbili. Zile kumi na moja zilizobaki alizikunja kwenye kitambaa, akazilaza ndani ya droo ya vijiko, akangoja aone wengine wanakwenda kwa mwendo gani ili asiwazidi.

Wengine hawakwenda popote. Walikuwa vijana, mchezo umewajaa, wakijua watamaliza siku ya mwisho. Wao hakuna aliyewadai saini.

Wiki ya saba barua ikatoka ofisi ya Bi Dunham. Mwalimu alikuwa ameulizwa maendeleo ya Fernande Pomerleau, na mwalimu, kwa ukweli wake, alikuwa ameandika: amepeleka karatasi moja kati ya saba, haendelei vizuri, sitii saini. Kama mwalimu hatabadili maneno hayo kwa maandishi kufikia Ijumaa, posho na masomo vinakoma.

Rosaire aliisoma akiwa amesimama. Hakucheka safari hii. Hata hasira hakuwa nayo, na hilo ndilo lililomwumiza Fernande zaidi.

"Basi imetosha, mke wangu," alisema. "Umejaribu. Mtu hawezi kuanza kuwa mtoto wa shule na magoti yanauma. Nitaongea na yule bwana wa shamba la mayai. Wanatafuta watu wa kupanga mayai kwenye trei."

"Rosaire, kazi nimeifanya."

"Umeifanya iko wapi?"

Akafungua droo ya vijiko akamwonesha. Rosaire alipekua karatasi moja baada ya nyingine. Yeye hakuwahi kufanya kazi ya benchi. Msituni mtu alilipwa kwa gogo lililolala chini, na magogo hayafichiki. "Sasa kwa nini hukumpa?"

Alijaribu kueleza akashindwa. Alipojisikia akieleza, ilisikika kama upumbavu mtupu. Rosaire akatikisa kichwa. Kesho yake aliongea na bwana wa mayai, wakakubaliana Fernande aanze Jumatatu, ila Ijumaa saa kumi apite kujiandikisha.

Alma alikuwa mtu wa pekee aliyeelewa mara moja. "Ulifanya sawasawa kabisa," alisema kwenye simu. "Mimi mwenyewe ningeficha. Sasa nisikilize. Mpe sita tu. Tano zibaki. Ukimpa zote ataona mnaweza, na wale watoto utawatia taabuni. Tena huwezi kujua utakuja kuumwa lini."

Ijumaa mchana, darasa lilipotoka, Fernande alibaki. Karatasi kumi na moja zilikuwa mkobani, sita juu, tano chini ya kitambaa. Alimwekea mwalimu zile sita mezani, akarudi nyuma hatua moja.

Bwana Whitcomb alizipitia polepole. Alisimama kwenye ya sita, ile ya damu, akaishika karibu na dirisha. Uso wake haukufurahi. "Nani amekuchorea hizi?"

"Mimi."

"Bi Pomerleau, nimefundisha miaka kumi na tisa. Wanafunzi wa mwaka wa pili hawachori hivi. Na wewe wiki saba umeleta karatasi moja tu. Sitaki kukudhania vibaya, lakini nani amekuchorea?"

Hapo hasira ilimpanda Fernande, na ilimfaa, kwa sababu ilimwondolea woga. "Mwalimu, huenda hivyo viatu ulivyovaa nimevishona mimi. Thelathini na moja, hiyo ni miaka. Hakuna aliyenishikia sindano. Unadhani leo nimetafuta mtu wa kunishikia kalamu?"

Mwalimu aliangalia viatu vyake, akamwangalia yeye. "Umechora damu ambayo darasa bado halijaitazama kwa hadubini," alisema. "Umewahi kuiona?"

"Kwenye kitabu."

"Kaa hapa."

Akatoa vioo viwili, chupa ya rangi, pamba, na kisindano cha kuchomea kidole. Alimchoma ncha ya kidole, damu haikutoka. Alichoma tena, ikawa vile vile, kisindano kilipinda. Vidole vile vilikuwa vimevuta uzi wa nta tangu ujana, ngozi yake ilikuwa ngumu kama kisigino. Mwalimu alibaki ameshika kisindano, hajui afanye nini.

"Nipe hapa," alisema Fernande. Akachagua ubavu wa kidole kidogo, mahali uzi ulipokuwa haupiti, akachoma mara moja. Tone likaja, jekundu, la mviringo.

Mwalimu alimwonesha mara moja tu: tone mwisho wa kioo, kioo cha pili kikiegemea, damu ikisambaa ukingoni, halafu kusukuma. Wanafunzi huhitaji wiki kadhaa kwa msukumo huo. Ukikaza damu inakatika, ukilegeza inajaa mawimbi. Fernande alivuta pumzi, akasukuma. Ilitandazika nyembamba, imenyooka, ukingo wake umeishia taratibu kama unyoya. Bwana Whitcomb akakichukua kile kioo. Alipaka rangi, wakangoja dakika zilizohitajika, akaiosha, ikakauka, akaiweka chini ya hadubini, akarekebisha, akampisha.

Mwanzo aliona ukungu wa waridi. Kisha ukungu ukagawanyika, na kila kipande kikawa duara, na maduara yakawa mengi, mengi hata macho yakashindwa pa kuanzia. Kila moja limebonyea katikati, kama unga ulioguswa kwa kidole. Hakuna lililomzidi mwenzake. Katikati yake, mbali na mengine, likakaa moja kubwa, seli nyeupe ya damu, na ndani yake kokwa ya zambarau iliyokatika vipande vitatu vilivyoshikana kwa uzi mwembamba. Alilijua. Alilichora jikoni, kati ya sufuria na kikapu cha nguo. Lakini lile la kitabuni lilikuwa picha, na hili lilikuwa lake, lilikuwa ndani ya kidole chake robo saa iliyopita.

"Ni mangapi?" aliuliza, jicho halijaondoka.

"Kwenye tone lile? Mamilioni mengi."

"Nani anayatengeneza?"

"Wewe. Ndani ya mifupa. Ya nyonga, ya mbavu, ya kifua. Hayo mekundu unatengeneza kama milioni mbili."

"Kwa siku?"

"Kwa sekunde moja, Bi Pomerleau."

Fernande aliinua kichwa akamtazama aone kama anamdhihaki. Hakuwa anamdhihaki. Akarudi kutazama. Milioni mbili, na nyingine milioni mbili, na nyingine. Siku zote alizokaa benchini akijiona mtu mdogo wa kushona jozi zake na kuficha kuponi zake, mifupa yake ilikuwa inafanya haya. Alipolala ilifanya. Siku meneja aliposoma tangazo, naye akatembea hadi nyumbani akiwa na mto wake kwapani, akijisikia kwamba hakuna tena kitu anachokitengeneza duniani, ilikuwa inafanya, na kila duara limekamilika hivi. Machozi yakamtoka, yakachafua kioo cha hadubini, akaomba radhi.

"Hakuna anayeipima?" aliuliza.

"Kupima nini?"

"Kazi hii. Hakuna anayesimama nyuma yake?"

"Hakuna," alisema Bwana Whitcomb. Huenda hakuelewa swali, lakini jibu lilikuwa la kweli.

Ndipo Fernande alipoufungua mkoba. Alikunjua kitambaa, akatoa zile tano zilizobaki, akaziweka juu ya zile sita. "Nilimaliza wiki ya tano," alisema. Akamweleza habari ya kuponi, ya droo, ya mtu wa saa, ya neno la Kendra. Safari hii maelezo yalitoka sawasawa. "Sikutaka uwaongezee watoto kazi kwa ajili yangu. Usiwaongezee, Mwalimu. Mimi nisainie au usinisainie, lakini wao usiwaongezee."

Bwana Whitcomb alikaa kwenye stuli. Alizisoma zile tano, zote, na hakuharakisha. Alipomaliza alivua miwani.

"Niliandika kwamba huendelei," alisema. "Niliandika hivyo juu yako, nikaituma, sikukuuliza hata swali moja. Nisamehe." Kisha akasema, "Hapa hakuna bei ya kushushwa. Ukijua mengi, mwenzako hapunguziwi. Lete zote. Siku zote lete zote."

Akavuta fomu ya Bi Dunham, akaandika mistari minne, akatia saini. Fernande aliipokea akaiweka mezani bila kuisoma. "Naweza kuangalia tena?" aliuliza.

Rosaire alikuwa amengoja kwenye lori karibu saa nzima. Saa kumi ilikuwa imekaribia, na bwana wa mayai si mtu wa kungojeshwa. Alipanda ngazi na mabuti yake ya matope, akafuata namba za milango mpaka akaikuta maabara. Alimwona mke wake ameinama juu ya chombo, na mwalimu amesimama kando yake amefunga mikono kama mtu aliyeko kanisani.

"Fernande, twende. Tumechelewa."

"Njoo uone."

"Yule bwana anatungoja, mama."

"Rosaire. Njoo."

Alikwenda kwa sababu ya sauti yake, hakuwahi kuisikia hivyo. Akainama, akafumba jicho moja, akasema haoni kitu. Mke wake akamshika mkono, akauweka kwenye gurudumu la kurekebishia, akamsaidia kuuzungusha taratibu. Mkono wake mwingine ukapanda kichwani wenyewe, ukavua kofia.

"Nini hii?"

"Mimi," alisema Fernande. "Damu yangu."

Alitazama muda mrefu. Mgongo ulimuuma kuinama vile, lakini hakuinuka. Alipoinuka hatimaye, macho yalikuwa mekundu, na hakumtazama mke wake bali mwalimu. "Na huko ndani inafanya hivi sasa hivi? Akiwa amesimama tu hapo?"

"Sasa hivi," alisema Bwana Whitcomb.

Rosaire akamgeukia Fernande. Alimtazama kama alivyomtazama miaka ishirini na sita iliyopita kwenye ngoma ya parokia, asijue aanze na neno gani. Kisha akaiona fomu mezani, na saini chini yake, na lile rundo la karatasi, akaelewa. Aligeuzageuza kofia mikononi.

"Mwalimu," alisema, "naomba kutumia simu."

Akapiga, akangoja, akakohoa. "Bwana, ni Pomerleau hapa. Mke wangu hatakuja leo, wala Jumatatu." Akasikiliza kidogo. "La, haumwi," alisema. "Anasoma."